Mikono Juu ya Goti la Machage

Kilichomchoma Wegesa moyoni ni ile mikono ya mkandaji juu ya mguu wa mumewe. Tangu Machage aangukiwe na gogo wakisafisha shamba la kijiji cha ujamaa, mwanamke yule alifika kila asubuhi, akikohoa langoni kabla ya kupiga hodi. Alijipaka samli viganjani, tena samli ya Wegesa mwenyewe, akaanzia nyongani, akashuka na misuli ya paja taratibu, akaizungusha pia ya goti kwa kidole gumba, kisha akabonyeza mshipa nyuma ya goti mpaka vidole vya mguu vikacheza vyenyewe. “Umesikia huko chini?” aliuliza, kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Na Machage, ambaye mkewe akimgusa tu analalama, alicheka.

Asubuhi moja Machage alikwenda zizini akarudi, anatembea kama askari. Mara kikohozi kikasikika langoni. Hapo hapo akaanza kuchechemea. Mkandaji alimtazama toka nyonga hadi kisigino, wala hakuinama. Akamrudishia Wegesa kibuyu cha samli.

“Mguu umepona, mama Robi. Ugonjwa uliobaki, mtibu mwenyewe.”