Fundi wa Picha na Neno Asilolitaka Ukutani

Saa moja na nusu asubuhi, fundi wa kutundika picha yuko juu ya ngazi, penseli sikioni, anaitazama pima maji kwa jicho moja. Wenzake wamembatiza jina la kifaa hicho, Pima Maji, maana picha ikipinda kidogo tu hatulii mpaka inyooke.

Picha ni thelathini na nne, zote kuhusu mateso na uvunjaji wa haki za binadamu wakati wa vita. Milango ya ukumbi wa maonyesho inafunguliwa saa nne. Kila picha ina kibandiko cha maelezo, isipokuwa ya kumi na saba, inayoonyesha chumba chenye kiti kimoja na ndoo. Kibandiko chake kimo mfukoni mwa fundi, na amekataa katakata kukitoa.

"Wameandika 'Chumba cha mahojiano'," anasema. "Mahojiano ni ya redioni, ndugu mwandishi. Mtu anaulizwa, anajibu, anapewa chai. Mimi chai sikuipata. Hata haya yetu tuyaite mazungumzo."

Alikuwa na miaka kumi na tisa askari walipomchukua kwenye karakana alikojifunza useremala. Walimweka ndani siku arobaini na moja. Alitoka na vidole viwili vya mkono wa kushoto visivyokunjika. Karatasi ya kuachiwa ilisema aliitwa kwa mahojiano.

Mkewe anajua yote. Binti yao, aliye mwaka wa kwanza chuoni, aliambiwa vidole vilibanwa na mlango. Mara kadhaa baba ameanza kusema kweli, akaishia kuuliza kama chakula kimeiva.

"Nikikaa naye mdomo unakuwa mzito," anasema. "Nikaona bora ukuta uanze, mimi nimalizie. Sasa ukuta nao ukidanganya?"

Msimamizi wa maonyesho, mama mwenye miwani inayoning'inia kifuani, amekuja kumbembeleza mara tatu.

"Baba, nakuelewa. Lakini ndilo neno lililomo kwenye nyaraka, na vibandiko vimeshachapwa."

"Najua, mama. Na nyaraka ziliandikwa na walionipiga."

Msimamizi anaingia ofisini, anarudi na kadi tupu na kalamu ya wino mweusi.

"Basi andika wewe. Mwandiko usomeke."

Fundi anaandika polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza: Chumba cha mateso. Anaibandika kadi, anaipima, anarudi nyuma hatua mbili kuitazama.

Jumapili atamleta binti yake. Wataanza na picha ya kwanza, kama watu wengine.

"Tukifika hapa nitasimama nyuma yake, asome mwenyewe," anasema. "Akigeuka, nitamwambia, 'Mwanangu, humu nilikaa mimi.'"