Msusi Aliyemridhisha Kila Mtu

Kwa miaka kumi na tisa Mama Vidole alisuka nywele katika chumba chenye viti viwili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni na feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa vidole vyake vilikimbia kichwani kama cherehani. Kazi aliijua, na sheria ya kazi aliijua zaidi: mteja haambiwi asichopenda kusikia. Mwenye komwe aliambiwa ana paji la heshima. Mwenye nywele za kuhesabika aliambiwa nywele zake ni laini. Wote walitoka wakitabasamu, na wote walirudi.

Hospitalini alikwenda na sheria hiyohiyo.

Aliondolewa uvimbe katika titi la kulia, pamoja na tezi za kwapani. Upasuaji ulikwenda salama na uvimbe ukatoka wote. Hofu yake ilibaki kwenye mkono, maana msusi hushinda mikono ikiwa juu. Msusi mwenzake aliyepasuliwa vivyo hivyo miaka minne iliyopita alikuwa bado akichomwa na kovu lililokwisha kufunga, na mkono wake haukupita bega. Siku hizi huuza vitana tu.

Daktari wa usingizi, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, alikuwa amemtembelea siku moja kabla ya upasuaji.

"Maumivu ni mgeni, dada," alimwambia. "Tukimwachia akae, atajifanya mwenye nyumba. Sisi tutampa jembe mapema, kabla hata ya siku ya tatu. Lakini wewe ndiye wa kutuambia kama bado yumo ndani."

"Nitawaambia," aliahidi Mama Vidole, tena kwa moyo mweupe.

Baada ya upasuaji, ganzi ikaisha. Asubuhi mpasuaji, mwanamume mwenye upara unaong'aa, alipita haraka. "Unaendeleaje, mama?"

"Vizuri mno, daktari. Una mkono mwepesi wewe!"

Daktari akaondoka amefurahi. Muuguzi, binti aliyeonekana amechoka, alileta vidonge na kugeuka kumhudumia mgonjwa wa kitanda cha pili. Mama Vidole akavisukuma chini ya mto. "Asante, mwanangu, nimeshameza." Aliamini dawa ni ya kuzidiwa, na akiba haiozi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipomtaka atembeze vidole ukutani, alimjibu, "Nimefanya mara kumi, baba, kabla hujaja."

Ukweli aliupata mdogo wake tu, aliyekuja kila siku na chupa ya uji.

"Kwapa linawaka moto. Mkono siusogezi kabisa."

"Umewaambia?"

"Watu wanahangaika nami hivi, halafu niwaudhi?"

Asichokijua ni kwamba siku ya tatu wahudumu wote husimama kitandani pamoja. Walipofika, mdogo wake alikuwa ameketi hapo na uji wake.

"Mama hana maumivu," alianza mpasuaji.

"Na dawa zote anameza," alisema muuguzi.

"Mazoezi pia anafanya," alisema mtaalamu wa mazoezi, kisha akakuna kichwa. "Ila ajabu, bega limekaza kama bawaba yenye kutu."

Daktari wa usingizi aliwatazama mmoja mmoja. "Mmoja hana maumivu, mmoja anameza dawa, mmoja anafanya mazoezi. Hao ni wagonjwa watatu. Mimi namtaka huyu aliyelala hapa."

Mama Vidole alivuta shuka mpaka kidevuni. Maisha yake yote alikutana na wateja mmoja mmoja. Hakuwahi kuwa nao wanne mbele ya kioo kimoja.

Mdogo wake akainua mto. Vidonge tisa vilikuwa vimepangwa juu ya karatasi.

"Unaniumbua mbele za watu!"

"Bora nikuumbue leo, dada, kuliko ukauze vitana."

Neno hilo lilimwingia. Daktari wa usingizi akainama. "Kutoka sifuri mpaka kumi, yanauma kiasi gani?"

"Tatu."

Mdogo wake akakohoa.

"Haya, tano." Muuguzi akakunja mikono. "Nane basi! Mmeniweka mnadani?"

Walicheka wote, hata yeye, akiwa ameshika ubavu. Kisha wakapanga upya palepale. Daktari wa usingizi alibadili dawa na kuongeza ya kutuliza mishipa ya fahamu. Zikawa za kumezwa kwa saa, si za kusubiri kuzidiwa. Muuguzi aliahidi kusimama mpaka aone koo likimeza. Mazoezi yakahamishiwa nusu saa baada ya dawa, na mdogo wake akapewa chaki ya kuweka alama vidole vilipofika ukutani.

"Nami kesho nitakaa kwanza, ndipo niulize," alisema mpasuaji.

"Nikipona nitakusuka, daktari."

Akajipapasa upara. "Ukweli, mama."

"Basi sitakusuka."

Alama ya kwanza ilikuwa usawa wa kitasa cha mlango. Siku aliyoruhusiwa kwenda nyumbani, ilikuwa imefika kwenye swichi ya taa. Huko nyumbani ukuta uliendelea kuchorwa, na kila wiki mtaalamu wa mazoezi alipiga simu kuuliza habari za bega. Siku nyingine jibu lilikuwa, "Leo baya." Alilisema bila kuliremba.

Mwezi wa tano baada ya upasuaji, muuguzi yuleyule alikuja kusukwa. Mama Vidole alikaza msuko wa kwanza.

"Unauma?"

"Hapana, endelea tu."

Katika kioo aliyaona macho ya binti yakilengwa na machozi. Zamani angesema, urembo ni kuvumilia. Sasa akasimama.

"Sifuri mpaka kumi, mwanangu?"

Muuguzi akacheka. "Sita."

Akaufumua, akaanza upya taratibu, kiwiko cha kulia kikiwa juu ya bega.

"Na wewe, mama?"

"Moja. Jioni nikichoka, mbili."

Muuguzi akamgeukia mdogo mtu, aliyekuwa akifagia karibu na mlango.

"Ni kweli," alisema mdogo mtu. "Siku hizi anasema kweli mpaka anafukuza wateja."