Jicho la Shangazi Minza

Harufu ya moshi wa samadi ya ng'ombe hunirudisha kijijini kwetu, upande wa Kahama, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Moshi huo ndio ulioyafanya macho ya shangazi yangu Minza yawe mekundu, hasa la kushoto. Upande huo wa uso wake ulikuwa ukinywea tangu usichana wake: shavu limebonyea, jicho limedidimia, kope hazikutani. Nilikuwa na miaka minane, na kila jioni nilimpaka dawa ya macho ya zahanati. "Polepole, daktari," alinitania, "usinimalize."

Nilijivunia jicho lile. Siku moja kisimani niliwaambia wenzangu, "Shangazi yangu akilala, jicho moja linabaki wazi!" Dotto, binti wa jirani, alicheka mpaka akamwaga maji. Akaenda kusimulia kwao.

Wiki iliyofuata mdogo wake Dotto akafa kwa surua. Kwetu jicho jekundu lilitosha kumtia mwanamke mashakani. Jicho jekundu lisilolala lilikuwa hukumu.

Baba Dotto alikuja mchana na ndugu zake wawili. Shangazi alikuwa anatwanga mtama.

"Nogi!" alifoka. Mchawi. "Usiku kucha ulikuwa unamtazama mwanangu!"

"Mimi tena, Baba Dotto? Si ndiye niliyemletea uji?"

Panga likashuka. Shangazi aliinua mkono, vidole vyake viwili vikaangukia kwenye mtama. Pigo la pili lilimpata shingoni. Mama alitoka jikoni na sufuria ya maji yanayochemka, akammwagia Baba Dotto kifuani. Wakakimbia. Shangazi alikuwa ameshakata roho.

Wanawake waliomwosha walijaribu kulifumba jicho. Halikufumbika. "Mmeona?" mmoja akasema, wakatoka. Mama alimaliza peke yake.

Nilichosema kisimani sikumwambia Mama kamwe. Nawaambia ninyi.

Ukubwani nilimsimulia daktari wa macho. Akasema upo ugonjwa adimu unaokula nyama ya nusu ya uso. Kope hushindwa kufunga, jicho hukauka, hufanya ukungu.

"Alikuwa anakutazamaje?" akaniuliza.

Nikamweleza: Shangazi aligeuza uso wote, anitafute kwa jicho la kulia.

"Basi lile la kushoto lilikuwa limeshapofuka."

Niliwaambia wenzangu kweli tupu: lilikuwa wazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kama linaona.