Kidole Gumba cha Mama

Ilikuwa jioni ya kawaida kwetu Kigobe, katika nyumba tuliyopanga nyuma ya majumba ya wakubwa, nami nilikuwa nakusanya sahani. Binti yangu wa miaka minane alikuwa ameacha gunzi lake la mahindi na kukimbilia nje kucheza. Nililiokota nilitupe, nikabaki nalo mkononi. Punje zote zilikuwa zimeliwa isipokuwa mistari miembamba iliyonyooka toka kichwa cha gunzi hadi mkiani, kana kwamba kulikuwa na jino moja ambalo halikugusa kitu. Gunzi la namna hiyo nililiona mara ya mwisho nikiwa mtoto, mtaani kwetu Carama. Msichana aliyeliacha hatukumwona tena.

Nilimwita mtoto, nikamwambia afungue mdomo. Jino moja la mbele, la juu, lilikuwa limeota nyuma ya mengine, na alipofunga mdomo lilijificha nyuma ya meno ya chini.

"Mama, hii jino inagombana na ya chini," akaniambia.

Niliketi kwenye kiti cha plastiki, gunzi bado mkononi. Maskini mtoto alidhani amekosa kitu, akaanza kuniomba msamaha.

Ngoja nikurudishe nyuma, rafiki yangu, maana usipoijua Carama yetu utaniona mwanamke wa kutishwa na gunzi. Ukipita huko leo utaona kuta za matofali zinazogusana, maduka ya vocha na vijana wa pikipiki. Sisi tulipokua, nyumba yetu ilikuwa ya mwisho, na baada ya choo chetu yalianza mashamba ya mpunga. Jioni vyura walipiga kelele mpaka ukatamani kuwajibu. Mama yetu alitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni kwetu, Kirundi lugha ya njiani, na Kifaransa lugha ya shule na viboko. Nikisikia harufu ya mawese yanayochemka, hata leo, naona ukuta wetu wa jikoni ulivyokuwa mweusi kwa moshi, na dada yangu ameinama anatwanga sombe, majani ya muhogo, huku akinilaumu kwamba nachota maji kidogo kidogo makusudi. Alikuwa na haki ya kunilaumu.

Yaya, ndivyo tulivyomwita, kama watu wa kwetu wanavyomwita dada mkubwa. Jino lake la utoto lilipotoka, jipya liliota nyuma ya safu, kama mwanafunzi aliyechelewa akakosa nafasi kwenye benchi. Mama hakumpeleka kwa daktari. Sidhani hata kama wazo hilo lilimjia. Daktari wa meno, kwetu, alikuwa mtu wa kung'oa. Mama alikuwa na dawa yake. Kila asubuhi uani, Yaya alisugua meno kwa mkaa uliosagwa na chumvi, kisha Mama alinawa kwa sabuni, akaingiza kidole gumba mdomoni mwa Yaya, nyuma ya jino lile, na kulisukuma mbele. Alisukuma tangu birika likae motoni mpaka maji ya chai yachemke. Mate yalimtiririka Yaya kidevuni, naye alinitazama kwa pembe ya jicho akinikodolea ili nicheke, kwa sababu nikicheka mimi ndiye nitakayefukuzwa.

"Jino iko mupya," Mama alikuwa akisema. "Itasikia tu."

Nilimwonea wivu dada yangu kwa kidole kile. Mara nyingi nilisogea na mimi, nikafungua mdomo. Mama alichungulia na kunisukuma kando: "We ya kwako iko sawa, toka hapa." Nilitamani jino moja, moja tu, likae vibaya.

Halafu ikaja ile miaka ya vita ambayo watu wazima mpaka leo wanaiita krizi tu, kana kwamba ni homa iliyopita mjini. Tulilala na nguo zetu. Tulihama kwenda kwa jamaa, tukarudi, tukahama tena. Hakuna aliyekumbuka mkaa na chumvi. Tulipotulia kidogo, jino lilikuwa limekomaa hukohuko nyuma, na Yaya alikuwa msichana anayecheka akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Mama alijaribu tena kulisukuma, siku chache, kisha akaacha. Nilimsikia akisema amechelewa.

Alasiri moja Mama alimtuma Yaya upande wa Kinama kununua ndagala, vile visamaki vya ziwa letu. Yaya alikuwa anamalizia muhindi wa kuchemsha. Aliweka gunzi juu ya jiwe la kusagia, akachukua kikapu, akaniambia nisiguse kitana chake. Maharagwe yaliwekwa motoni, yakaiva, yakapoa. Hakurudi. Hakuna aliyetuambia kitu, si siku ile, si mwaka ule, si hadi leo ninapokuandikia. Gunzi lilikaa juu ya lile jiwe na mistari yake ya punje, na hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kulitupa. Mvua ndiyo iliyolichukua.

Picha yake tulikuwa nayo moja, ya komunyo ya kwanza, na mdomo ameufumba. Watu walipomuuliza Mama binti yake anajulikana kwa alama gani, alisema: jino. Na kila iliposemekana kwamba kuna maiti zimeonekana mahali fulani, kando ya barabara au kwenye matete, Mama alifunga kitenge chake akaenda. Safari moja hakuwa na wa kumwachia mimi, akanichukua. Tulipofika aliniambia nigeuke nitazame mpunga, nisigeuze shingo hata akiniita. Nilitazama mpunga. Yangeyange weupe walikuwa wanatembea majini kwa maringo, kana kwamba hakuna kitu duniani. Nyuma yangu nilimsikia akipiga magoti, nikasikia nguo ikifunuliwa. Kisha sauti yake, ndogo: "Si yeye."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anashukuru au analia. Tulirudi nyumbani, akanawa kile kidole gumba kwa majivu na sabuni, akakisuuza, akakinawa tena. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anakitafuta huko kwa kidole kile. Tangu siku ile nilikiogopa kidole nilichokuwa nakililia.

Sasa unaelewa kwa nini gunzi lilinikalisha.

Daktari wa meno tuliyempata ni mwanamke kijana, mwenye utani na watoto. Alimlaza binti yangu, akawasha taa, akampa kioo kidogo ajione mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba mdomo mzima utajazwa waya.

"Maman, hizi zingine tuziache kwanza," akasema. "Zimebanana, lakini mutoto bado anakomaa. Tutaziangalia meno ya utoto ikiisha kutoka. Ni hii moja tu. Kila akifunga mudomo inapiga ya chini. Ona vile ufizi umeshuka."

"Na tukingoja, dokta?"

"Kungoja munaweza. Lakini ya chini itaendelea kuumia, na kesho kazi itakuwa kubwa. Sasa mufupa bado laini. Jino bado inasikia."

Alilitamka neno lile kikazi tu, mikono yake ikiwa ndani ya glavu, na mimi nikasikia birika la Carama likichemka. Aliendelea kunieleza habari za apareyi, kipande cha plastiki chenye waya ambacho mtoto anakivaa na kukivua mwenyewe, na kwamba tukazungumze nyumbani kwanza. Niliitikia kila kitu. Sikusikia nusu yake.

Baba yake mtoto alisema waya mdomoni ni mambo ya watoto wa sinema. "Sisi tulikomaa na meno vile Mungu alitupa. Nani alikufa?" Kisha akakumbuka anaongea na nani. Akaenda kumwagilia nyanya zake, ingawa mvua ilikuwa imenyesha mchana huohuo.

Jumapili, baada ya misa, tulikwenda Carama kwa Mama. Siku hizi macho yake yana ukungu, anachambua mboga ya lengalenga kwa vidole tu, na bado hukuti jani bovu kwenye sufuria yake. Tulikula bugali na ndagala. Mtoto alipotoka uani, nikamweleza habari za daktari. Mama aliendelea kulamba mawese kwenye kidole kana kwamba hakusikia.

"Apana," akasema mwishowe. "Musimuguse hiyo jino."

"Mama, inamuumiza. Daktari anasema…"

"Watoto wote wenye meno sawa wanafanana. Siku akipotea, watamujua na nini?"

"Mama, vita viliisha."

"Mi sikukuuliza vita."

Nilikasirika, nakwambia kweli. Nilikasirika njia nzima ya kurudi, kwa sababu mtu mzima hawezi kumwekea mtoto jino bovu kama chapa ya ng'ombe. Lakini kesho yake kazini, katika ofisi ya ghala kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, malori yakiingia na kutoka, nilijikuta naorodhesha kichwani alama za mwili wa mwanangu. Kovu la goti. Doa nyuma ya sikio. Nikajiuliza kama doa lile lingeonekana vizuri. Mama alikuwa ameniambukiza, au labda ugonjwa ule niliuchukua siku niliyotazama mpunga, na ulikuwa unangoja tu nipate mtoto wa kumhofia.

Kwa siku kadhaa sikuamua lolote. Nilimtazama binti yangu akila, na kila alipotafuna kwa upande mmoja, taya likienda mshazari, nilimwona mwingine. Ndipo likanijia jambo ambalo nilikuwa nimeliacha kule nyuma: mate ya Yaya asubuhi, meusi kwa mkaa, na ndani yake wekundu. Miezi yake ya mwisho alikuwa analowesha bugali kwenye mchuzi wa maharagwe kama bibi kizee, kwa sababu jino la chini lilikuwa limelegea. Nilikuwa namcheka. Mama alikuwa anamwambia atafunie upande wa pili. Sisi tulilifanya lile jino alama yetu, tukalitafuta, tukaliota, tukalililia. Yeye, wakati tulipokuwa naye, lilikuwa linamuuma.

Nilimpigia daktari simu, nikamwambia aanze.

Siku ya kuchukua kipimo, alijaza kijiko kipana kwa uji mzito wa rangi ya waridi, akamkandamizia mtoto kwenye meno, akamwambia apumue kwa pua na afikirie chakula anachokipenda. Mtoto alitoa macho, akanibana mkono, akavumilia. Kisha daktari akanieleza kwamba alama ile itamiminiwa plasta, itoke sanamu ya meno yake yalivyo leo, kabla hayajaguswa. Nikamuuliza kama anaweza kumimina mbili.

"Ya pili ya nini, maman?"

"Ya bibi yake."

Hakuuliza zaidi, Mungu ambariki.

Nilishuka Carama na mtoto wangu, yeye na apareyi yake mpya mdomoni, akiongea kama mtu mwenye viazi vya moto, mimi na ile plasta kwenye mkoba, nimeifunga kwa kitambaa. Tulipita pale nilipowahi kusimama na kuambiwa nisigeuze shingo. Ni mahali pa kuoshea magari siku hizi. Kijana mmoja alikuwa anapiga filimbi huku maji yenye povu yanaingia ardhini. Hakuna mpunga, hakuna yangeyange, na vyura sijawasikia Carama kwa miaka mingi. Wanaojenga hawaulizi ardhi ina nini, na labda wana haki. Watu wanahitaji mahali pa kulala. Lakini kwangu, kila msingi unaochimbwa pale naupita kwa haraka, nikiogopa kutazama na nikiogopa kutotazama.

Mama alikuwa ameketi mkekani karibu na jikoni. Nilimpa plasta mikononi bila maneno mengi.

"Nini hii? Sabuni?"

"Ni meno ya mujukuu wako, Mama. Vile yalikuwa, mbele ya kuyagusa. Hii ni ya kwako, uichunge."

Aliigeuza, akainusa. Akapitisha kiganja juu ya safu kama mtu anayepapasa uso gizani. Kisha kidole gumba kikaingia ndani, nyuma ya meno, kikatafuta bila haraka, kikapita moja, kikapita la pili, kikasimama. Nikaona kucha yake inageuka nyeupe. Alikuwa anasukuma. Plasta haikusogea, bila shaka, lakini aliendelea kusukuma, na birika jikoni likaanza kutoa mvuke, na hakuna aliyeinuka kuliepua.

"Ni yeye," akasema.

Mtoto akamsogelea, akafungua mdomo aonyeshe waya wake. "Nani, Bibi?"

Mama aliiweka plasta kwenye pindo la kitenge, akaifunga fundo, akaipakata. Beseni la maji lilikuwa karibu naye, na sabuni pembeni. Hakunawa.