Kiraka cha Ufizi

Siku ile naikumbuka kwa ulimi, mwanangu, maana kila nikimeza mate unagusa pengo hili. Nilikuwa fundi cherehani pale Temeke, mchumba wa mtu, miaka ile ya Ujamaa. Nikataka meno meupe ya harusi. Basi nikayasugua kwa mkaa uliosagwa, asubuhi na jioni, kama nasugua sufuria, mpaka ufizi wa jino moja la mbele ukashuka na mzizi ukachungulia.

Daktari wa meno akanieleza taratibu. Njia ya kwanza, kukata kipande cha nyama kaakaani na kukishonea penye upungufu. Ya pili, kuuvuta ufizi wa jino la jirani uje ufunike. Mie naitikia tu, "Ndiyo, daktari," wala sikushika hata nusu. Akaniambia nikafikiri, nirudi.

Nifikiri nini? Shangazi akasema kaakaa likikatwa sitasikia tena ladha ya pilau. Jirani akasema kulivua jino la pili nguo yake ni kuliacha uchi. Wote wawili nikawaona wana haki! Miezi ikapita nimevurugika kichwa, na mkaa nasugua vilevile, mjinga mie.

Bi Zuhura, aliyenifunza kushona, ndiye aliyenikemea.

"Gauni likichanika, kiraka unakitoa wapi?"

"Inategemea, Bibi. Pindo likiwa na ziada, pindoni. Kitambaa cha kando kikiwa kizito, navuta kando."

"Unajuaje?"

"Naangalia nguo."

"Na kinywa chako kakiangalia nani? Shangazi yako?"

Kesho yake nikarudi. Daktari akatazama, akalitikisa jino kwa kidole. Ufizi wa jino la jirani ulikuwa mwembamba, haukuwa wa kuvutika tangu mwanzo. Nyama ya kaakaa ingefaa, ila jino lilishalegea.

"Ungeniuliza ningekwambia," akasema. "Mbona uliitikia ndiyo?"

Jino akaling'oa. Niliolewa nimefumba mdomo, na iliniuma.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ukielezwa usichokielewa, mwanangu, sema palepale: sijaelewa, nieleze tena, na kwa hali yangu ipi inafaa, na kwa nini? Mficha uchi hazai. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuuliza, na siku ya harusi yako ucheke mpaka magego yaonekane.