Mashine Iliyojifunza kwa Anastasie

Anastasie ni Mkongomani wa Uvira, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani kwao, na kwa miaka minne sasa anafagia hekalu la Wabudha kutoka Laos hapa Haltom City. Wanakwaya walipomuuliza kama haogopi kukaa kati ya sanamu, aliwajibu: "Mimi nafagia sakafu, sifagii miungu."

Kazi aliipenda, ila sharti moja lilimkera. Mtawa mkuu, mzee mwembamba mwenye shuka ya rangi ya machungwa, hakutaka kiumbe chochote kiuawe. Sisimizi wakivamia wali wa sadaka, Anastasie alitakiwa kuwabembeleza wapande kipande cha karatasi, kisha awasindikize nje kama wageni wa harusi. Kwao Uvira sisimizi humwagiwa maji ya moto, habari ikaishia hapo.

Basi mwaka huu muumini mmoja, fundi wa kompyuta aitwaye Khamphone, akaleta mashine ya kufagia. Ilikuwa ya duara kama sufuria iliyofunikwa, yenye jicho mbele na akili bandia ndani.

"Itamfuata mama huyu wiki nzima," akajigamba. "Atakachofanya, itakifanya. Kisha mama apumzike."

Anastasie alijua maana ya kupumzika: kurudi kwenye ghala alikofanya kazi zamani, mji wa Mesquite, kubeba maboksi saa kumi kwa siku, na mgongo wake ule ule unaomuuma.

Wiki nzima mashine ikamfuata kama kifaranga cha bata. "Sogea huko, mnyang'anyi wa ugali wangu!" akawa akiifokea.

Siku ya majaribio ikafika. Mashine ilifagia vizuri, hata pembeni. Ilipofika kwenye msururu wa sisimizi, ikasimama. Mtawa akatabasamu.

Mashine ikageuza jicho kushoto. Ikageuza kulia. Ikatazama mlangoni. Kisha, fyuu! Ikawafyonza wote na kuondoka mbio, kama mtu aliyekumbuka ana miadi.

"Ni hitilafu ndogo tu," Khamphone akasema, jasho likimtoka.

"Si hitilafu. Imejifunza," mtawa akasema. "Mama Anastasie, imejifunza kwa nani?"

Anastasie akatamani sakafu aliyoing'arisha immeze. "Ni mimi, baba. Ukienda kutafakari, naangalia huku, naangalia huku, halafu nafagia. Ni wengi, baba! Wanakuja na mashemeji!"

Akangoja kufukuzwa. Mtawa akacheka hadi shuka ikamteleza begani.

"Kwa nini uliangalia huku na huku?"

"Niliona aibu, baba."

"Na mashine je?"

Wote wakaigeukia. Ilikuwa chini ya meza ya sadaka, ikigonga mguu wa meza, ikirudi nyuma, ikigonga tena, raha mustarehe.

"Imechukua macho, imeacha aibu," mtawa akasema. "Haina nia, kwa hiyo dhambi si yake. Ni yetu sisi tuliokuwa na nia, tukaiwasha. Mwenye aibu naweza kumwomba abadilike kesho. Hii nitaiomba nini?"

Akaamua Anastasie aanze kuifundisha upya, safari hii kwa karatasi, sisimizi kwa sisimizi.

"Na itaanza lini kufanya kazi peke yake?" Khamphone akauliza.

"Siku itakapoona aibu."

Anastasie akapiga magoti, akainama hadi usawa wa lile jicho.

"Jifunze pole pole, mwanangu," akainong'oneza. "Hakuna anayekukimbiza."