Barua ya Alhamisi

Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, wiki moja kabla Gavana hajaja Tabora, nilifiwa na mume wangu. Alikuwa liwali wa mji, Mwafrika mwenye cheo kikubwa kuliko wote katika ofisi za Serikali pale kwetu. Moyo ulimsimama alfajiri akitia udhu. Tukamzika baada ya adhuhuri.

Lakini hakufa akiwa liwali. Alhamisi alikuwa amempelekea Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, barua ya kuacha kazi. Watu wa chama cha kudai uhuru waliomba ruhusa ya kufanya mkutano wiki ile ile ya Gavana, na mume wangu akaamriwa awanyime kwa sahihi yake, ionekane ni neno la Mwafrika mwenzao. Bwana Shauri akamwomba aizuie barua mpaka Gavana aondoke. Mume wangu alirudi nyumbani akaniambia, "Nikingoja wiki moja, nitakuwa nimeacha kazi bila sababu." Akala ugali wake, akalala usingizi mzito.

Sasa nilikuwa nimekaa eda. Sitoki nje, na mwanamume asiye maharimu nasema naye nyuma ya pazia. Jumapili shemeji yangu, mdogo wake marehemu, karani kwa Bwana Shauri, akaja kukaa upande wa pili.

"Shikamoo, shemeji. Serikali itampa kaka nishani. Gavana mwenyewe ataitoa, mimi nitaipokea."

"Na barua?"

"Barua gani?"

"Usinifanye mtoto."

"Haijaingizwa kwenye jalada. Wanasema kafa kazini, na heshima yake ndiyo hiyo."

Jumatatu asubuhi akaja mke wa fundi cherehani mmoja wa chama. Walitaka nikubali kwamba marehemu alikuwa amechukua kadi yao. Nikamwambia hakuwa na kadi.

"Lakini alikuwa anakuja kwetu, dada."

"Alikuwa anakwenda shambani kwake kulima karanga."

Akaondoka amenuna. Mimi sikusoma zaidi ya chuo cha Kurani na madarasa mawili ya shule, lakini nilijua kwamba Alhamisi huja kabla ya Jumamosi, na sikuwa tayari mtu yeyote aipindue.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa hitima. Kwetu, kabla watu hawajatawanyika, ndugu wa marehemu husimama akauliza kama kuna mwenye haki yake kwa marehemu. Wa kusimama alikuwa shemeji. Nikamwita.

"Leo utauliza nani ana haki yake. Kaka yako mwenyewe anayo. Utaitaja barua."

"Shemeji, kazi yangu!"

"Najua. Usipoitaja, nitaitaja mimi humu humu ndani, na sauti yangu itafika mtaa wa Kitete. Watu watauliza kwa nini mwenye eda kapaza sauti na mwanamume wa nyumba yupo."

"Una roho ngumu wewe."

Baada ya kisomo akasimama. Niliisikia sauti yake kutoka upande wa wanaume. "Mwenye haki yake kwa marehemu ajitokeze. Na mjue kwamba marehemu aliacha uliwali Alhamisi, kwa sababu hakutaka kutia sahihi ya kuzuia mkutano. Kadi ya chama hakuwa nayo."

Ndipo mtani wetu, mama mmoja wa Kizaramo aliyeolewa na mtu wa reli, akapiga kelele kutoka upande wa wanawake:

"Kumbe mmetudanganya! Jumamosi tumemlilia liwali, leo mnasema ni mkulima wa karanga! Nirudishieni machozi yangu, Wanyamwezi nyie!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku nalia, siku ya tatu ya msiba. Tarishi wa Bwana Shauri alinyanyuka akaondoka, pilau hakuigusa.

Gavana alikuja, akarudi na treni. Nishani haikuletwa. Mkutano nao haukufanyika.

Eda yangu haijaisha, shemeji akahamishiwa Nzega. Alikuja kuniaga.

"Nzega, wanasema, vumbi linaliwa kwa kijiko."

"Umenikasirikia?" nikamwuliza.

"Sana," akasema.

Nikampitishia chini ya pazia chapati nilizomfungia. Akazichukua. Nje lori likapiga honi, akatoka.